Mkono Uliojulikana

Siku hizi hata rambirambi huja zimechapwa, herufi za huyu sawasawa na za yule. Zamani bahasha ilitosha: kabla hujaifungua ulishamjua aliyekuandikia.

Fanny Burney, aliyezaliwa King's Lynn, Uingereza, mwaka 1752, alijulikana hivyo, kwa mwandiko wake. Baba yake, Charles Burney, alikuwa mpiga kinanda kanisani na mwalimu wa muziki. Alizunguka Ufaransa, Italia na Ujerumani akikusanya habari za historia yake ya muziki, ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1776 na ya nne 1789. Mswada ulihitaji nakala safi ya kupelekwa kwa wachapaji, na mnakili mkuu alikuwa bintiye.

Wanaodharau kunakili hawajawahi kunakili. Kalamu ya unyoya hairuki aya. Inampitisha mnakili kwenye kila sentensi, polepole, akiona mwandishi alipositasita, neno alilolikata, alilolirudisha. Fanny alifika miaka minane akiwa bado hajui kusoma. Naamini kwenye meza ya baba yake ndipo alipojifunza jinsi kitabu kinavyojengwa.

Kisha akaandika chake kwa siri, riwaya ya Evelina, na mkono ule ukageuka hatari. Wachapaji wa London walikuwa wameuzoea katika kazi za baba, wangeutambua. Basi akainakili riwaya nzima upya kwa mwandiko wa kujigeuza, akiziiba saa za usiku. Juzuu tatu, kila herufi ikikatazwa kufanana na mwenyewe! Alilipwa gini 20. Kitabu kilitoka Januari 1778 bila jina la mwandishi, na miezi ikapita kabla baba mtu hajajua kuwa kinachosifiwa mjini kimetoka nyumbani kwake.

Mwaka 1832, uzeeni, alichapisha kumbukumbu za baba yake, marehemu tangu 1814, na karatasi nyingi za mzee akaziharibu. Alidhani anailinda heshima ya baba. Kwangu ni hasara inayouma: mnakili aliyejua thamani ya kila neno lililokatwa ndiye aliyelitupa. Lakini sisi, je? Tunafuta kwa kidole, na kosa halibaki hata kama alama. Watoto wetu watarithi simu zilizofungwa kwa nywila, na hakuna atakayejua baba yake aliiandikaje herufi ya kwanza ya jina lake.