Kitambaa Cheusi cha James Wong Howe

Macho ya buluu yalikuwa balaa kwa mwigizaji wa sinema bubu. Mikanda ya enzi zile iliipokea buluu kupita kiasi, hata mboni zikatoka nyeupe na mtu akaonekana kama kipofu. Mary Miles Minter, nyota wa Hollywood, alikuwa na macho ya namna hiyo. Siku moja akapigwa picha na kijana mzaliwa wa Guangdong, Uchina, aliyeanza kazi studio mwaka 1917 kama kibarua, kisha mshika kibao mbele ya kamera. Picha ziliposafishwa, macho yalikuwa meusi, yamejaa uhai. Kijana mwenyewe hakujua amefanya nini. Alipochunguza akagundua kuwa Minter alikuwa amelikabili pazia la mahameli nyeusi, na weusi wake ndio ulioingia machoni. Basi akaizungushia kamera fremu ya mahameli, lenzi ikichungulia katikati, na Minter akamfanya mpigapicha wake.

Huyo ndiye James Wong Howe. Wengi wakiona kasoro huongeza taa. Yeye alitafuta cha kuukinga mwanga. Nalipenda sana jambo hilo, kwamba ufundi wa nusu karne uliota kwenye kipande cha kitambaa. Hata jina la utani alilopewa lilisifu mwanga wake hafifu.

Ujanani alipigana ndondi. Kwenye Body and Soul, filamu ya ndondi ya mwaka 1947, alivaa viatu vya magurudumu, akaishika kamera mkononi na kusukumwa ndani ya ulingo, karibu kabisa na ngumi.

Na mtu huyu, ambaye Marekani iliwatazama nyota wake kupitia lenzi yake, alinyimwa uraia na sheria ya kuwazuia Wachina hadi ilipofutwa mwaka 1943. Alifunga ndoa na mwandishi Sanora Babb jijini Paris mwaka 1937, lakini California haikuitambua. Katazo la ndoa kati ya Wazungu na watu wa asili nyingine lilidumu mpaka mahakama ilipolitengua mwaka 1948. Jambo hilo huniuma kila nikilitazama jina lake likipita kwenye skrini.

The Rose Tattoo ilimpa Oscar ya kwanza, Hud ya mwaka 1963 ikampa ya pili, na hiyo Hud ndiyo ninayoirudia. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, nyika ya Texas, ng'ombe wagonjwa. Howe alitumia vichujio kuyafuta mawingu, anga likabaki tupu, halina pa kutulizia jicho. Chini yake mwigizaji Paul Newman anatembea kama mtu asiyedaiwa salamu na yeyote. Wote wamekwisha kumwacha. Mwishoni anasimama mlangoni na chupa ya bia, jua lote la Texas liko nje, naye anafunga mlango na kushusha pazia.