Faili Moja Lililokosekana: Jinsi XP ya Dukani Ilivyorudishwa Mtandaoni Bila Kupigwa Windows

Kompyuta yenye Windows XP ikikosa mtandao, mafundi wengi wana jibu moja mkononi: ipigwe Windows upya. Kwa mashine ambayo kila kilichomo kinaweza kurudishwa, jibu hilo halina ubaya. Kwa kompyuta ninayoichambua hapa lingekuwa hasara tupu. Iko kwenye duka la kudarizi nembo za sare za shule mjini Morogoro, na programu inayoandaa nembo hizo haifunguki mpaka kifaa chake cha leseni kiwe kimechomekwa kwenye tundu la zamani la printa. CD ya programu ilishapotea. Mwenye duka aliweka sharti mapema: "Fundi, mtandao utafute unavyojua, ila programu ya nembo usiniguse. Ikipotea hiyo, mimi kazi sina."

Mtandao wenyewe haukuwa wa kuperuzi. Nembo huchorwa kwenye laptopu yenye Windows 7, kisha hupelekwa kwenye XP kupitia folda ya pamoja. Siku njia hiyo ilipokatika, kazi ilihamia kwenye flashi, na flashi zinazotembea mtaani huleta virusi.

Dalili zilikuwa zinasema nini

Taa za kadi ya mtandao zilikuwa zinawaka, na Windows yenyewe ilionyesha kwamba waya umeshika. Kwa hiyo waya, swichi na kadi havikuwa watuhumiwa wa kwanza. Lakini amri ya ipconfig, ambayo hata ruta isipojibu hutoa walau anwani inayoanza na 169.254, haikutoa anwani yoyote. Ilidai kuna hitilafu ya ndani, ombi halikubaliki, na jina la kompyuta halisomeki. Ping ya 127.0.0.1 nayo iligoma. Hiyo ni anwani ya kompyuta kujiita yenyewe: ujumbe wake hautoki nje, haupiti kwenye kadi wala kwenye waya. Ikigoma, ugonjwa uko ndani ya Windows.

Hapa ndipo wengi hukimbilia amri ya netsh winsock reset. Ina historia yake. Miaka ya mwanzo ya XP, programu nyingi za matangazo zilijipachika kwenye orodha ya Winsock, yaani njia ambayo programu hupitia kufika mtandaoni. Ukiifuta programu hiyo vibaya, mnyororo unakatika katikati na mtandao unakufa. Microsoft ilipotoa Service Pack 2 mwezi Agosti 2004, iliweka amri hii ili orodha iandikwe upya bila kuhangaika na rejista kwa mkono. Kwa ugonjwa huo ni dawa. Lakini inachorekebisha ni maandishi ya rejista tu, na ndivyo ilivyo pia kwa netsh int ip reset. Kama faili limetoweka kwenye diski, hakuna hata moja kati ya amri hizo inayoweza kulirudisha.

Shida ni kwamba Winsock ikiharibika na kiendeshi cha TCP/IP kikikosekana, ipconfig inaweza kutoa ujumbe uleule. Swali linalotenganisha hali hizi mbili ni moja: je, kiendeshi kimepanda? Amri ya sc query tcpip ilijibu kuwa kimesimama. Tulipojaribu kukiwasha kwa net start tcpip, jibu lilikuwa hitilafu namba 2: faili halipatikani. Huduma ya DHCP nayo ilikataa kuwaka kwa hitilafu namba 1068, ambayo maana yake ni kwamba kuna huduma ambayo DHCP inaitegemea, na hiyo haijawaka.

Namba 1068 imepoteza mafundi wengi, kwa sababu huwafanya waishughulikie DHCP. Katika XP, TCP/IP inaitegemea IPSec. NetBT inaitegemea TCP/IP. Na DHCP inazihitaji TCP/IP, NetBT na AFD zote tatu. Anayelalamika kwa sauti ni yule wa mwisho kwenye foleni. Tulipofungua folda ya C:\WINDOWS\system32\drivers, ipsec.sys ilikuwepo, afd.sys na netbt.sys zilikuwepo. tcpip.sys, faili la kiendeshi cha TCP/IP chenyewe, haikuwepo.

Lilitowekaje?

Kurudisha faili bila kujua lilivyoondoka ni kualika tatizo lirudi. Tulianza na diski. Kumbukumbu za matukio hazikuwa na tukio namba 7, ambalo Windows huandika diski inapokuwa na sehemu mbovu, na chkdsk haikuona kasoro. Jibu lilipatikana kwenye kumbukumbu za antivirasi: tcpip.sys ilikuwa imewekwa karantini wakati kompyuta inawaka.

Antivirasi kushuku faili hilo si jambo la ajabu. Kuna virusi vya kujificha ambavyo huambukiza viendeshi vya mfumo. Sababu nyingine ni ya mikono ya watu. Service Pack 2 iliweka kikomo cha miunganisho 10 inayosubiri kukamilika kwa wakati mmoja, ili kupunguza kasi ya virusi kusambaa. Wapakuaji wa filamu na muziki hawakukipenda kikomo hicho, na vikazuka vijiprogramu vya kubadilisha tcpip.sys ili kukiondoa. Kompyuta ya mtumba inaweza kuwa ilishafanyiwa hivyo na mmiliki wa kabla. Iwe ni kirusi au ni faili lililochezewa, uamuzi ni uleule: kilichoko karantini kisirudishwe.

Lakini XP ina ulinzi wa mafaili yake, na huweka nakala za akiba kwenye folda ya dllcache. Kwa nini haikujitibu? Ulinzi huo hufuatilia mabadiliko Windows ikiwa imeshawaka. Faili likiondolewa kabla ya hapo, haushtuki. Isitoshe, dllcache ilikuwa tupu. Diski ni ya GB 40, ilishawahi kujaa, na mtu "aliisafisha" kwa kufuta folda zilizoonekana hazina kazi. ServicePackFiles, ambayo pia ingekuwa na nakala, ilifutwa katika usafi huohuo.

Nakala ipi?

Kosa linaloharibu kazi hii ni kuchukua tcpip.sys yoyote iliyo karibu. XP ina vizazi, na faili hili lilibadilika katika kila kizazi: la Service Pack 2 ni toleo 5.1.2600.2180, la Service Pack 3 ni 5.1.2600.5512. Kompyuta ilikuwa na SP3, na CD ya Windows iliyokuwepo dukani ilikuwa ya SP2. Amri ya sfc /scannow ingedai CD, na CD hiyo isingefaa. Tovuti zinazogawa mafaili ya mfumo moja moja hazikufikiriwa kabisa, maana huwezi kujua aliyeliweka pale amelifanyia nini.

Chanzo salama kilikuwa kifurushi kamili cha SP3 kutoka Microsoft, chenye namba KB936929. Si lazima kukisakinisha. Kwenye laptopu kilifunguliwa kwa swichi ya /x, ambayo hutoa mafaili yaliyomo bila kubadilisha chochote. Ndani ya folda ya i386 kulikuwa na tcpip.sy_, faili lilelile likiwa limebanwa. Amri ya expand tcpip.sy_ tcpip.sys ilitoa faili kamili la baiti 361,344. Kwenye sifa zake toleo lilisomeka 5.1.2600.5512. Namba zilikubaliana, ndipo likapelekwa kwenye flashi iliyofomatiwa upya.

Kurudisha na kuthibitisha

Kabla ya kugusa XP, folda ya nembo ilinakiliwa pembeni. Kisha faili liliwekwa kwanza kwenye dllcache, halafu kwenye drivers. Kwa kuwa la zamani halikuwepo, hakuna kilichozuia kunakili Windows ikiwa inafanya kazi. Lingekuwepo faili bovu linalotumika, ingebidi kuingia kwa Recovery Console ya CD, au kuwasha kompyuta kwa Linux ya flashi na kulibadilisha kutoka nje.

Baada ya kuwasha upya, majaribio yalikwenda kutoka ndani kwenda nje. sc query tcpip ilionyesha kiendeshi kinafanya kazi. DHCP iliwaka bila kusukumwa. Ping ya 127.0.0.1 ilijibu, ikafuata ping ya laptopu, na mwisho folda ya pamoja ikafunguka kutoka upande wa Windows 7. Ukifuata mpangilio huo, jaribio la kwanza kugoma ndilo linalokuonyesha ngazi yenye tatizo. Programu ya nembo ilifunguka kama kawaida, leseni yake ikiwa haijaguswa.

Mtandao umerudi, je uende wapi?

Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014. Kirusi cha WannaCry kiliposambaa mwezi Mei 2017 kupitia udhaifu wa mfumo wa kushirikiana mafaili, kampuni hiyo ililazimika kutoa kiraka cha dharura hata kwa XP. Mfumo huo ndio unaotumiwa na folda ya pamoja ya duka hili. Vilevile, tcpip.sys ya 5512 ilipandishwa hadi 5625 na sasisho la usalama la mwaka 2008, kwa hiyo nakala tuliyorudisha iko nyuma ya sasisho hilo. Kwa mashine inayotoka nje, hilo lisingekubalika.

Ndiyo maana XP ilipewa anwani ya kudumu, na nafasi ya geti la kutokea ikaachwa wazi, ili izungumze na laptopu lakini isitafute njia ya kwenda intaneti. Kiraka cha 2017 kiliwekwa, na flashi za wateja sasa huishia kwenye laptopu, ambako hukaguliwa kwanza.

Kupiga Windows kungerudisha mtandao haraka zaidi, kukafuta pia ushahidi wa antivirasi na dllcache, na duka likabaki na XP isiyo na programu yake ya kazi. Mwenye kompyuta kongwe inayomlisha afanye mambo mawili kabla haijaugua: atoe nakala ya diski nzima, na aandike kwenye kava ni Service Pack ipi imo ndani. Fundi akiyakuta hayo mawili, kazi hii yote inakuwa ya saa moja.