Kalamu ya Risasi na Wapenzi Wake

Uhakiki umezoea kwenda kwa mashairi, tamthilia na hadithi, kana kwamba vitu vingine vilivyobuniwa na binadamu havistahili hukumu. Lakini kila kitu kilichotengenezwa kwa akili chaweza kupimwa kwa akili. Kalamu ya risasi ni kitu kidogo, cha bei ndogo, nacho huisha kadiri kinavyotumika. Hata hivyo wako watu wengi duniani wanaoipenda kama wengine wapendavyo saa au vito. Hukusanya aina zake, hunusa mti wake, hulinganisha weusi wa maandishi yake, na hubishana juu ya pembe zake. Asiyejua huwacheka. Katika insha hii nataka kuuliza kama mapenzi hayo yana haki, na kama yana haki, mipaka yake ni ipi.

Jina lenyewe lina udanganyifu. Ndani ya kalamu ya risasi hamna risasi. Jiwe jeusi lililochimbwa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, katika karne ya 16, lilidhaniwa kuwa namna ya risasi. Jina likabaki hata baada ya wataalamu kutambua kuwa lile ni grafiti, ndugu wa almasi kwa asili. Mwaka 1795, vita vilipoinyima Ufaransa grafiti ya Uingereza, Nicolas-Jacques Conté alisaga grafiti hafifu ikawa unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi, akaichoma tanuuni. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na maandishi yake hufifia; grafiti ikizidi, kalamu huwa laini na maandishi huwa meusi. Herufi H, HB na B ambazo mwanafunzi huziona ubavuni mwa kalamu yake ni habari za mchanganyiko huo. Basi kalamu ni kama mtu: tabia yake imo ndani, na ngozi yake haitoshi kuieleza.

Wazee wetu walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Walimaanisha kuwa sura njema yaweza kuficha kitu duni. Kwa kalamu methali hii ni kipimo kamili, maana ndani yake kwa kweli mna kipande cha mti, na swali ni kipande cha namna gani. Mti mwema huchongeka kwa urahisi, haupasuki, na nyuzi zake zimenyoka. Uzi wa grafiti hauna budi kukaa katikati barabara na kushikamana na mti kwa gundi. Ukikaa upande, kichongeo hula mti upande mmoja na kuuacha mwingine. Usiposhikamana vema, hukatika ndani kalamu iangukapo sakafuni, wala jicho halioni jeraha hilo.

Tutazame sasa kalamu mbili mashuhuri. Ya kwanza ni Castell 9000, iliyotolewa mwaka 1905 na nyumba ya Faber-Castell huko Stein, karibu na Nürnberg, Ujerumani. Rangi yake ni kijani kilichokolea, maandishi yake ni ya dhahabu, na umbo lake lina pande sita. Hakuna katika kalamu hii jambo lililowekwa kwa majivuno. Pande sita huizuia isibiringike mezani, nazo huvipa vidole mahali pa kutua. Rangi yake imetulia, haimwiti mpita njia. Ncha yake hudumu, na mistari yake ni safi. Mchoraji wa ramani na mwanafunzi wa jiometri huipenda kwa sababu hiyo. Upungufu wake ni kwamba, kwa umbo lake la kawaida, haina kifutio. Anayeitumia sharti achukue kifutio kando. Ni kalamu ya mtu aliyekwisha kufikiri kabla ya kuandika.

Ya pili ni Blackwing 602, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1934 na kampuni ya Eberhard Faber. Ubavuni iliandikwa ahadi kwamba mwandishi atatumia nusu ya nguvu na kupata mara mbili ya mwendo. Kichwani ilikuwa na bati pana na bapa lililoshika kifutio kinachoweza kuvutwa na kubadilishwa. Mwandishi John Steinbeck alikuwa miongoni mwa waliozisifu. Ahadi yake haikuwa ya bure: grafiti yake ilitiwa nta, ikateleza juu ya karatasi kama mashua penye maji matulivu. Lakini ulaini una gharama yake. Ncha hufa upesi, na anayechora pembetatu kwa kalamu hiyo atachonga mara nyingi kuliko jirani yake. Blackwing ni njema kwa mtu ambaye mawazo yake yanakimbia. Kwa yule ambaye mstari wake hauna budi kuwa mwembamba, Castell humshinda. Hukumu ya kweli huanza na swali la kazi, ndipo lije swali la sifa.

Utengenezaji wa Blackwing ulikoma mwaka 1998. Ndipo mapenzi ya watu yalipoonyesha uso wake wa pili. Kalamu zilizobaki ziliuzwa kwa dola 30 na zaidi, moja moja. Kampuni nyingine ya Marekani ilizirudisha sokoni kwa jina hilo tangu mwaka 2010, na leo wako wanaonunua masanduku yake wasiyafungue kamwe. Hapo nasema mapenzi yamepotea njia. Kalamu isiyochongwa haijawa kalamu bado. Ni kijiti kilichopakwa rangi. Uzuri wake umo katika kupungua kwake, kama mshumaa. Anayeihifadhi isipungue ameupenda mwili na kuikataa roho.

Kuna kosa la pili, nalo ni la wafanya biashara. Karibu na mwaka 1890 kampuni ya Hardtmuth, katika dola ya Austria na Hungaria, ilitoa kalamu nzuri iliyoitwa Koh-i-Noor kwa jina la almasi mashuhuri, ikaipaka rangi ya manjano. Ubora wake uliifanya manjano kuwa alama ya heshima, na kampuni nyingine zikaiga. Waliyoiga kwa wepesi ni rangi. Grafiti iliyosagwa vema haiigiki kwa burashi. Hata leo manjano imejaa madukani, juu ya kalamu njema na mbovu pia. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mara nyingi hujitembeza katika nguo za chema.

Msomaji kijana ataniuliza, mambo haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, mtarakwa wa milima yetu, unaoota Mau na katika misitu ya Nyandarua, ni jamaa wa mierezi inayosifiwa kwa kalamu, na katika karne iliyopita mbao zake zilitumika kwa kazi hiyo hiyo. Mti huo hukua polepole mno. Kalamu mbovu inayoishia kichongeoni bila kuandika imeupoteza mti bure, mti wowote uwao.

Pili, ubovu wa kalamu hauwaangukii wote sawasawa. Kwa miaka mingi watahiniwa wa KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, walitia weusi majibu yao kwa kalamu ya HB. Mtoto wa tajiri, ncha ikikatika, huchukua nyingine. Mtoto wa maskini huchonga, ikakatika. Huchonga tena, ikakatika tena. Na saa haimngojei. Rahisi aliyoinunua imekuwa ghali kuliko zote. Kwa hiyo anayedai kalamu iliyobuniwa vema hadai anasa. Anadai kwamba kitu cha senti chache nacho kitengenezwe kwa uaminifu, kwa kuwa mnunuzi wa senti chache ana haki ya kutodanganywa.

Wapenzi wa kalamu, basi, wana haki katika jambo kubwa, hata wakikosea katika dogo. Wametufundisha kutazama kitu cha kila siku kwa makini na kukidai ukweli. Wewe nawe utakapoishika kalamu yako, itazame ncha: je, grafiti imekaa katikati? Ichonge: je, mti unakubali? Iandikie: je, mkono wachoka? Ukiisha kujibu hayo, umekwisha kuanza uhakiki, wala hujafungua kitabu.