Taa Iombayo Ruhusa

Katika baadhi ya nyumba zilizojengwa miaka ya karibuni pwani ya Diani, taa haina haja ya kubonyezwa ukutani. Mwenye nyumba huisemesha, au hugusa simu yake, nayo huwaka. Mashine ya kupoza hewa hutii vivyo hivyo, na mlango pia. Wauzaji huviita vitu hivi vyombo vyenye akili, na nyumba iliyo navyo huiita nyumba yenye akili. Jina hilo ni kubwa, na mhakiki hana budi kulipima.

Na tuifuate amri moja. Mtu amekaa barazani Galu, naye ataka taa ya sebuleni iwake. Taa iko hatua tano kutoka alipo. Katika vyombo vingi vya aina hii, amri yake huingia katika kisanduku cha waifai, hutoka kwa waya mpaka Mombasa, hushuka baharini, ikafika katika jumba la mashine lililo nchi nyingine. Huko huulizwa: Huyu ni nani? Taa hii ni yake? Mashine ikiridhika, hurudisha amri, na taa huwaka. Safari hiyo yote humalizika kabla mtu hajapumua mara mbili, na ndiyo sababu hakuna aionaye. Jumba hilo la mashine limepewa jina la wingu. Mkulima wa Msambweni, atazamaye mawingu kwa ajili ya mahindi yake, ana haki ya kucheka, maana wingu hili lina kuta, lango na mwenyewe.

Tarehe 12 Mei 2024 safari hiyo ilionekana. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikawa nzito au ikatoweka kabisa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Bahari ya Diani ilikuwa shwari, na umeme ungeweza kuwapo; lakini taa iliyozoea kuomba ruhusa ng'ambo haikuwa na njia nyepesi ya kuiomba.

Tuseme haki. Mtu aishiye Nairobi au Ulaya, mwenye nyumba ya kupangisha Diani, hupata faida ya kweli. Humfungulia mgeni mlango bila kumtuma mtu na ufunguo, na huona kwa kamera kama lango limefungwa. Tena si vyombo vyote vyenye aibu moja. Ziko kufuli zihifadhizo tarakimu zake ndani yake zenyewe, nazo hufunguka hata intaneti ikifa. Hizo sizilaumu.

Wala kukatika kwa waya si hatari iliyo kubwa kuliko zote, kwa kuwa waya huungwa. Iliyo kubwa ni kwamba mwenye wingu aweza kuchoka. Huko Marekani palikuwa na chombo kiitwacho Revolv, cha kuongozea taa na milango ya nyumba, kilichouzwa kwa dola 300 hivi. Kampuni yake ilinunuliwa na Nest mwaka 2014. Mwezi wa Mei 2016 mashine za mbali zilizokihudumia zikazimwa, na chombo kikawa pambo la kabati. Hakikuvunjika, wala hakikuibwa. Aliyekinunua alikuwa amekilipia chote, kumbe alichokuwa nacho ni ganda, na kiini kilibaki kwa muuzaji.

Yafaa hapa kutaja taa ya maskini, nayo huongozwa kutoka mbali. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza Kenya taa za nguvu ya jua kwa mkopo. Mnunuzi hutoa kitangulizi, kisha hulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa, na ndani ya chombo mna laini ya simu. Asipolipa, chombo hufungwa. Ni mkataba mgumu kwa mtu ambaye mvua imemnyima mavuno. Lakini ni mkataba wa wazi, na una mwisho: akimaliza deni, taa ni yake. Taa ya Diani imelipiwa siku ya kwanza, na haiachwi huru milele. Kati ya hizo mbili, mimi naona ya maskini ina heshima zaidi.

Lakini kielelezo bora hakihusu taa. Miaka ya 1980 Kwale ilikuwa uwanja wa majaribio ya pampu za mkono, na humo ilikuzwa pampu ijulikanayo sasa katika nchi nyingi kwa jina la Afridev. Waliokusudiwa kuitunza ni wanakijiji wenyewe, na kamati za wanawake zilikuwa nguzo ya kazi hiyo. Hufunguliwa kwa spana moja. Mchoro wake hauna mwenyewe. Kiwanda cho chote chaweza kuitengeneza. Hata hivyo pampu huharibika, na zamani ikiharibika habari zilimfikia fundi kwa miguu.

Basi watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia ndani ya mpini wa pampu kipimo kidogo cha mwendo, kihesabucho kila pigo na kupeleka hesabu kwa njia ya simu za mkono. Mpini ukinyamaza siku ambayo haukuzoea kunyamaza, fundi hujua. Katika majaribio ya Kyuso, Kitui, muda wa kungoja matengenezo ulipungua kutoka siku zipatazo 27 hata chini ya siku 3. Kazi hiyo ililetwa na Kwale pia, ambako mafundi wa FundiFix hutunza pampu za vijiji kwa malipo.

Hebu mwanafunzi atazame akili imewekwa wapi. Haikuwekwa kati ya mkono na maji. Imekaa pembeni, kama karani aandikaye idadi ya ndoo. Betri ikifa, au mnara wa simu ukianguka, karani husinzia, lakini mama aliyekuja na ndoo hupiga mpini na maji hutoka. Chombo cha Diani kimemweka karani mlangoni na kumpa ufunguo wa pekee.

Wauzaji husema kwamba haiwezekani vinginevyo. Yawezekana. Mwaka 2022 makampuni makubwa yalitoa kanuni ya pamoja iitwayo Matter, iwezeshayo taa kutii amri ya humo humo nyumbani bila kwenda ng'ambo. Na tarehe 20 Oktoba 2025, mashine za kampuni ya Amazon zilizoko Virginia zilipopata hitilafu, vitanda vya kampuni ya Eight Sleep, viuzwavyo kwa zaidi ya dola 2,000, vilikataa kutii. Baadhi ya watu walilala katika joto wasiloweza kulipunguza, wengine vitanda vyao vikakwama vimeinuka upande wa kichwani. Siku chache baadaye kampuni ikatoa njia ya kukiongoza kitanda kwa simu iliyo karibu nacho, bila intaneti.