Heko kwa Waigizaji wa Bwaloni

Katika kaunti za Kitui na Makueni nchini Kenya, jukwaa la tamthilia mara nyingi ni bwalo la shule: meza zinasukumwa ukutani, shuka zinageuka pazia, na kitabu kilichosomwa darasani kinapata sauti. Wenye kazi hii ni vikundi vidogo vya waigizaji wanaozunguka na vitabu teule vya mtihani, Mwingi hadi Mutomo, Wote hadi Kibwezi. Nawapongeza kwa dhati.

Chukua mfano wa Kigogo ya Pauline Kea, tamthilia iliyokuwa kitabu teule hadi 2022: ina wahusika wengi kuliko kikundi kidogo kinavyoweza kubeba. Basi aliyekuwa mfuasi wa Majoka, mtawala wa Sagamoyo, anabadili koti na kurudi akiwa mchuuzi wa Soko la Chapakazi. Hapa hakuna nyota. Akichelewa mmoja, onyesho zima linayumba. Ndipo mwanafunzi anapoona kwamba Tunu, mwanaharakati, hatoshi bila Sudi mchongaji na umati wa Sagamoyo. Na Sudi anapokataa kumchongea mtawala kinyago, ukimya wake unajaza bwalo.

Wapo wanaosema maonyesho haya ni maandalizi ya mtihani tu. La hasha! Ni tamthilia inayofufuliwa kwa kila kizazi cha wanafunzi. Kaunti ziwajengee waigizaji hawa kumbi, na shule ziwalipe kwa wakati.