Mapenzi, Wakati na Mapinduzi katika Riwaya Yetu

Kijana wa Kimali, mkoani Simiyu, aliyekulia penye mashamba ya pamba, huenda hajapata kuuona mkarafuu. Hata hivyo Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 ni urithi wake pia. Je, mwandishi atakaye kumrudisha katika siku zile kwa hadithi ya mapenzi ampitishe njia ipi?

Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Shafi Adam Shafi ametuchorea mapenzi ya kusikitisha: Kijakazi, mtumishi mzee, anamhudumia kwa moyo wote bwana anayemdhalilisha. Fuad amechorwa mwovu mtupu, na hiyo ni kasoro. Lakini Kijakazi ni ukweli mchungu. Ardhi hutaifishwa kwa amri. Moyo uliozoeshwa utumwa hautaifishwi.

Naye Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka (2001), hakuhitaji mtambo wa kusafiria wakati. Mzimu wa babu unamjia mjukuu, K, mtu wa cheo na anasa, kumdai hesabu. Msomaji wa Usukumani, ajuaye maana ya kuwatambikia wahenga, hatastaajabu.

Basi wapenzi wa leo wakipelekwa 1964, wakautazama moto kwa mbali na kurejea salama, Mapinduzi yatakuwa yamegeuzwa pambo. Riwaya tunayoingoja itamwuliza mpenzi: utasimama upande gani, ikiwa umpendaye amesimama upande wa pili?