Mwili Uliolala Mbele ya Bahari

Nimewahi kulipwa niandike maneno matamu kuhusu matembezi ambayo sikuyapenda sana. Hii hapa ni sehemu ambayo haikulipiwa.

Kampuni ndogo ya utalii, ambayo sitaitaja, ilitaka aya tatu za tangazo: Fort Jesus, ziara ya binafsi, watu wawili hadi wanne, mwongozaji wako mwenyewe. (Mtaani wengine humwita "gaidi", lakini ukiliandika hivyo unaita polisi.) Nikatoka Makwasinyi alfajiri kwa pikipiki hadi Maungu, nikadandia matatu ya Mombasa, nikawakuta wageni langoni: mume na mke wa makamo, Waitaliano, wamefikia Watamu. Mama akaniambia wanatoka Florence. Nikamuuliza Uffizi kukoje. Akacheka. Mara ya mwisho aliingia akiwa mwanafunzi, alisema kwa Kiingereza chake cha kuokoteza; siku hizi foleni ni ya wageni, na wenye pesa hukodi mtu wa kuwafikisha mbele ya Botticelli kabla ukumbi haujajaa.

Mwongozaji wetu ni kijana wa Malindi. Kiitaliano chake amekiokota ufukweni na kimenyooka kuliko Kiingereza changu cha shule. Ana sauti. Anajua pa kunyamaza na pa kutia mzaha, anajua ni kivuli gani kinapatikana saa nne asubuhi. Na hadithi anayo: Wareno kuanza kujenga 1593, Sultani Yusuf bin Hasan kuwageuka na kuitwaa ngome 1631, Waomani kuizingira 1696 na kuingia Desemba 1698, Waingereza kuifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Tarehe zote sawa. Sina kosa la kumshika.

Ila kwa saa nzima hakuna aliyeambiwa atazame. Tulisikiliza tu, huku kuta zimekaa kando kama wageni wasiojua lugha.

Mama akauliza nani aliichora ngome. "Wareno," kijana akajibu, tukasonga.

Hapo nilitamani kumshika mkono, bana. Aliyeichora ni Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milan, mhandisi mkuu wa Wareno upande huu wa Bahari ya Hindi. Wageni wetu wamevuka nusu ya dunia, wamesimama ndani ya kazi ya mtu wa nchi yao, na hawaambiwi!

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliisha kabla ya hamu, kwa hiyo msinichukulie kama profesa. Lakini hili halihitaji digrii. Karibu mwaka 1490 Leonardo alimchora yule mwanamume aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba. Watu wa Renesansi waliamini kwamba vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo vipimo vya jengo lililo sawa. Sasa chukua ramani ya Fort Jesus: mtu amelala chali, kichwa kikielekea baharini. UNESCO ilipoitia katika urithi wa dunia mwaka 2011, ilitaja wazo hilohilo. Na cha ajabu, ukiwa ndani humwoni mtu huyo. Anaonekana kwenye karatasi tu, au kutoka angani, ambako mwaka 1593 hakuna aliyefika.

Wala si urembo mtupu. Simama kwenye mojawapo ya zile pembe zinazochomoza upande wa nchi kavu, uangalie pembe ya pili. Adui akijibanza chini ya ukuta huu, mzinga wa kule unamwona. Baruti ilikuwa imeyafanya maboma marefu ya zamani kuwa upuuzi. Waitaliano walikaa chini na rula wakatafuta jibu, na jibu hilo likachongwa katika mawe ya matumbawe ya pwani yetu. Florence mtu hulipa aelezwe hesabu ya macho ndani ya picha. Hapa unaitembea kwa miguu, na jua kichwani.

Simsemi kijana kwa ubaya. Nami nimekuwa yeye. Kwetu, chini ya mlima Kasigau, likizo za shule nilipandisha wageni msituni: ndege, ukungu, kisha vikapu vya akina mama. Sikuwahi kuwaambia kwamba mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza waliwashuku watu wetu kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Ndiyo, Malindi hiyohiyo. Wengi walifia huko. Bibi yangu amekua na habari hiyo ndani ya nyumba, na akinisimulia hupunguza sauti kana kwamba askari bado wako nje. Mimi niliona itawaharibia wageni likizo. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka bakshishi.

Kwa hiyo najua jinsi sentensi inavyoachwa. Lakini kijana huyu haogopi machungu; kuzingirwa, njaa na jela anazisimulia vizuri mno. Anachoruka ni chochote kinachomlazimu mgeni kusimama kimya bila yeye kusema.

Ndiyo maana ile michoro ya ukutani ilipewa dakika moja. Wareno waliokaa ngomeni waliichora kwa mkaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Si wasanii. Hakuna kipimo kinachokaa sawa, Cairati angeficha uso. Lakini zile meli zimechorwa na mtu anayejua kila kamba inafungwa wapi na anayetaka kurudi kwao.

Kijana alishafika mlangoni akiangalia saa. Mama hakumfuata. Alibaki palepale akisogeza uso karibu, akarudi nyuma, akasogea tena, mumewe akimshikia mkoba. Dakika zikapita. Mwishowe kijana akarudi, akasimama pembeni yake, hakusema kitu. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Hizi meli ziko ngapi, kwani? Napita hapa kila siku na sijawahi kuzihesabu."

Tukaanza kuhesabu. Tulikosana kwenye moja iliyofutika nusu.